Teremkia Mughalsarai

Kazi ilikuja saa nne usiku, vile kazi za mtandaoni hupenda kuja: ujumbe mfupi, idadi ya maneno, na pesa ambazo ukizigawa kwa saa unaona afadhali ungelala. Mteja alitaka maelezo ya stesheni 40 za reli nchini India, maneno 150 kila moja, ya kuwekwa kwenye tovuti ya kuuza tiketi. Mimi India sijawahi kufika. Hata Namanga sijavuka. Lakini niliacha chuo mwaka wa tatu, na landlodi haulizi kama una shahada. Nimeshaandika kuhusu magodoro nisiyoweza kuyanunua na hoteli nisizoweza kulala. Stesheni ni nini?

Nilituma 17 za kwanza. Ya 17 ilikuwa Mughalsarai, makutano makubwa ya reli karibu na mji wa Varanasi, ule ambao wazee huuita Banaras. Asubuhi ikarudi na mstari mwekundu juu ya kichwa: jina hilo halitumiki tena. Siku hizi ni Pandit Deen Dayal Upadhyaya Junction. Rekebisha.

Nikarekebisha, nikalipwa. Ningeishia hapo, kama si Guka.

Guka alifanya kazi ya reli zaidi ya miaka 30, sehemu kubwa akiunganisha na kutenganisha mabehewa yadini. Sasa kumbukumbu inamponyoka. Jina langu analipata siku moja, siku tatu analikosa. Lakini ukikaa naye jioni, ghafla anaanza, kwa sauti ya mtu anayeita abiria: Mombasa, Changamwe, Mazeras, Mariakani, Samburu, Mackinnon Road, Maungu, Voi, Tsavo. Anapumua. Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali, Sultan Hamud. Haruki hata moja. Nadhani ile orodha ndiyo kamba anayoshikilia ili asianguke. Siku moja nilijitia kimbelembele nikamwambia treni ya Mombasa siku hizi huanzia Syokimau, na ile ya zamani iliacha kubeba abiria mwaka 2017. Alinitazama kama mtu aliyeniona nikiiba. Hakusema neno hadi alipoenda kulala.

Kwa hiyo nilipoambiwa stesheni fulani haina jina lake tena, sikufikiria India kwanza. Nilifikiria kuna Guka mwingine huko, anahesabu stesheni zake jioni, anafika pale na hapaoni.

Basi nikaanza kusoma. Hakuna aliyenilipa.

Neno lenyewe halina makuu. Sarai, kwa lugha iliyotoka Uajemi ikasambaa India, ilikuwa nyumba ya wasafiri kando ya barabara. Mfalme Sher Shah Suri, aliyetawala kuanzia 1540 hadi 1545, aliikarabati barabara kuu inayokatiza kaskazini ya India, ile Waingereza walikuja kuiita Grand Trunk Road, na kando yake akajenga sarai kwa vituo. Ukuta, kisima, kivuli, mahali pa kufunga farasi, na malazi ya Waislamu na ya Wahindu, kila mmoja ale kwa desturi yake. Wamughal waliokuja baada yake wakaendeleza mtindo huo. Mughalsarai ni hivyo tu: sarai ya Wamughal. Mahali ambapo mtu amechoka analala, kesho anaendelea.

Na usidhani maneno hayo yako mbali nasi. Sarkar, yaani utawala kwa Kihindi, ndiyo serikali yetu, neno lilelile la Kiajemi. Treni kwa Kihindi ni relgari. Sisi gari tulilichukua, tukalitia moshi. Karai ni yao. Kuli ni neno lao pia, na hadi leo yule mbeba mizigo wa stesheni za India anajulikana kwa shati jekundu na beji ya shaba mkononi. Nilipokuwa nasoma nilihisi kama niko kwa jirani, naona vyombo vyetu jikoni kwake.

Sasa, kwa nini reli zikutane pale na si Banaras yenyewe, mji mtakatifu ambao mamilioni walitaka kufika? Jibu ni mto.

Kampuni ya East Indian Railway iliendesha treni yake ya kwanza ya abiria mwaka 1854, kutoka Howrah, ng'ambo ya mto kutoka Calcutta, hadi Hooghly. Mpango ulikuwa kufika Delhi. Mwaka 1857 askari wa Kihindi wakaasi, kaskazini yote ikawaka, kazi ikasimama. Daraja la Koilwar juu ya mto Sone lilikuwa limeanza 1856, likaisha 1862. Mwaka huohuo reli ikafika Mughalsarai. Lakini Ganga ulikuwa kati yake na Banaras, na Ganga si mto wa kuruka. Reli ikaendelea zake upande ule wa kusini kuelekea Allahabad, ikauacha mji mtakatifu ng'ambo. Kwa robo karne hivi, mwenda hija aliyetoka Bengal alishuka, kisha akatafuta namna ya kuvuka maji. Daraja la reli la Banaras lilifunguliwa mwaka 1887. Hapo ndipo njia ya ng'ambo ilipokuja kushikana na ile ya Delhi, na mahali pa kuzishikanisha pakawa pale pale: karibu na sarai, kilomita kama 16 kutoka mjini.

Ukiishi Nairobi hii hadithi unaijua hata kama hukuisomea. Mwaka 1899 reli ilifika kwenye tambarare yenye maji baridi na matope, mbele kukiwa na mteremko mkali wa Bonde la Ufa. Wahandisi wakahitaji mahali pa kupumua na kuweka vyuma vyao kabla ya kuukabili. Hakuna aliyesema hapa pajengwe jiji. Palikuwa na tatizo la uhandisi, watu wakakaa kulisubiri litatuliwe, na ndio sisi hawa, tunalipa kodi ya nyumba juu ya lile tatizo.

Mwaka 1906 Mughalsarai ikakomaa. Ilifunguliwa njia mpya iliyoitwa Grand Chord, inayopita Gaya, na kufupisha safari ya Calcutta hadi Delhi kwa karibu kilomita 80. Daraja lake la mto Sone pale Dehri, lenye urefu wa kilomita tatu hivi, lilikuwa limekwisha tangu 1900. Njia hii mpya na ile ya zamani inayopita Patna zinaachana huko Bengal, zinakuja kukutana tena Mughalsarai. Ongeza ile inayovuka mto kwenda Banaras na Lucknow. Makaa ya mawe ya Jharia na Raniganj yanatoka mashariki. Viwanda na miji inayoyataka iko magharibi. Yote yapite mlango mmoja.

Na mlango ukihudumia kila mtu, lazima uwe na ua mkubwa. Yadi ya mabehewa ya Mughalsarai ina urefu wa zaidi ya kilomita 12, na kwa miaka mingi imetajwa kuwa kubwa kuliko zote Asia. Kazi yake ya zamani ilikuwa hivi. Treni ya mizigo inaingia na mabehewa 60 yanayoenda mahali 20 tofauti. Injini inaisukuma kwa nyuma, polepole, hadi juu ya kilima kidogo kilichotengenezwa kwa mkono. Pale kileleni behewa linafunguliwa. Linateremka peke yake, bila injini, kwa uzito wake tu, huku mtu aliye juu ya mnara akigeuza njia liingie kwenye reli ya Kanpur, linalofuata la Lucknow, linalofuata la Delhi. Chini kuna watu wa breki. Likienda taratibu sana linakwama katikati na kufunga njia. Likienda mbio linabamiza wenzake. Siku nzima, usiku kucha.

Nilimtafutia Guka video ya yadi kama hiyo, nikamwekea simu mapajani. Hakujua ni wapi na sikumwambia. Alitazama behewa likiteremka, mkono wake wa kulia ukaanza kujikunja juu ya goti, kama unashika kitu.

"Breki," akasema. Kisha, "Amechelewa huyo."

Video haikuwa na sauti. Sekunde mbili baadaye behewa likagonga.

"Hawa wana mlima," akaniambia. "Sisi ilikuwa injini tu. Injini na mikono." Akaionyesha. Kidole kimoja hakina ncha tangu kabla sijazaliwa, na mimi miaka yote nilikuwa naogopa kuuliza.

Siku hizi hata Mughalsarai haifanyi kazi hiyo kama zamani. Tangu miaka ya 1980 reli za India zilihamia kwenye treni nzima zenye mzigo wa aina moja na mwisho mmoja, makaa tupu au saruji tupu, ambazo hazihitaji kupangwa upya njiani.

Kwenye mji wa namna hii, mwaka 1904, tarehe 2 Oktoba, alizaliwa mtoto aliyekuja kuitwa Lal Bahadur Shastri. Baba yake alifariki angali mchanga, mama akarudi kwao Mughalsarai, ambako babu mzaa mama alikuwa mwalimu katika shule ya reli. Mtoto wa reli kabisa. Akaja kuwa waziri wa reli wa India huru, kuanzia 1952. Mwaka 1956 daraja lilivunjika karibu na Mahbubnagar, watu zaidi ya 100 wakafa. Akapeleka barua ya kujiuzulu. Waziri mkuu Nehru akaikataa. Miezi michache baadaye, Novemba, treni nyingine ikatumbukia kwenye mafuriko pale Ariyalur, kusini, ikaua watu zaidi ya 140. Shastri akapeleka tena barua, na safari hii akaondoka. Hakuwa ameendesha treni ile. Hakuwa amejenga lile daraja. Alisema yeye ndiye mwenye dhamana. Mimi nimeisoma habari hiyo mara tatu, nikiwa kwenye matatu, na kila mara naangalia dirishani kidogo. Mwaka 1964 akawa waziri mkuu, na tarehe 11 Januari 1966 akafa ghafla mjini Tashkent, saa chache baada ya kutia sahihi mkataba wa amani na Pakistan.

Miaka miwili baadaye, ndani ya yadi hiyohiyo, akafa mtu mwingine.

Deendayal Upadhyaya alikuwa mwananadharia wa chama cha Bharatiya Jana Sangh, chama cha Wahindu wazalendo ambacho ndicho mzazi wa BJP inayotawala India leo. Alikuwa amechaguliwa kuwa rais wake Desemba 1967. Usiku wa tarehe 10 Februari 1968 alipanda treni Lucknow kwenda Patna. Treni iliingia Mughalsarai kama saa nane na dakika kumi usiku. Muda mfupi baadaye wafanyakazi wakakuta mwili kando ya reli, karibu na nguzo ya umeme. Mkononi alikuwa ameshika noti ya rupia 5. Umri wake ulikuwa miaka 51. Wapelelezi wa serikali walisema ni wezi wa treni waliomsukuma. Watu wawili wakashtakiwa, mahakama ikawaondolea kosa la mauaji, mmoja akafungwa kwa wizi. Tume iliyoongozwa na jaji Chandrachud nayo ikaishia kwa wezi. Wafuasi wake wengi hawajawahi kuridhika. Sisi Wakenya tunaweza kuelewa. Tuna orodha yetu ya vifo ambavyo tume ilimaliza kazi na swali likabaki limesimama mlangoni.

Basi mwaka 2017 serikali ya jimbo la Uttar Pradesh, iliyo mikononi mwa BJP, ikapendekeza jina la stesheni libadilishwe. Bungeni Delhi kukawa na kelele; wapinzani wakasema, kama ni lazima jina libadilike, mbona lisiwe la Shastri aliyezaliwa hapo? Agosti 2018 sherehe ikafanyika, vigogo wa chama wakaja, kibao kikageuzwa. Hata herufi tatu zinazoandikwa kwenye tiketi, MGS, zikawa DDU.

Sitaki kujifanya kwamba hili ni jambo jepesi. Lile daraja la Banaras la 1887 liliitwa Dufferin, jina la mwakilishi wa Malkia, na mwaka 1948 likapewa jina la Malviya, mwanzilishi wa chuo kikuu cha Wahindu cha Banaras. Hakuna anayemlilia Dufferin, mimi nikiwemo. Sisi wenyewe Fort Hall ilirudi kuwa Murang'a, Thomson's Falls ikawa Nyahururu, Delamere Avenue ikapewa Kenyatta. Nani anataka kurudi nyuma? Na wanaotetea jina jipya la Mughalsarai wanasema ndivyo hivyo hivyo: Wamughal nao walikuja na upanga, tunajitoa mikononi mwa wavamizi, na mtu wetu alifia hapa, apewe heshima yake.

Lakini naona tofauti moja ambayo siwezi kuimeza. Dufferin aliandikwa pale kwa amri, akafutwa kwa amri. Sarai haikuandikwa na mtu. Wapagazi, wafanyabiashara, mahujaji wa dini zote walipaita hivyo kwa sababu ndipo walipolala. Tena aliyefutwa hapo, ukitazama vizuri, hakuwa mfalme. Wafalme wale wamekufa kitambo, hawana habari. Anayesikia ni Mwislamu anayeishi mji huo leo, anayepita chini ya kibao kila asubuhi na kuelewa alichoambiwa. Miezi miwili baada ya stesheni, jiji la Allahabad nalo likawa Prayagraj. Ikishakuwa mfululizo, si heshima ya marehemu mmoja tena.

Hapa ningependa kusema kwamba babu zetu wa reli walipita Mughalsarai. Ingependeza. Lakini hapana. Watu wa vijiji vya pande hizo, wasemaji wa Kibhojpuri, walibebwa kwenda Calcutta, na kutoka hapo meli ziliwapeleka Mauritius, Trinidad, Fiji, Natal. Waliojenga reli yetu kati ya 1896 na 1901 wengi walitoka Punjab na kupanda meli Karachi. Walikuja 31,983 kwa mkataba. Waliokufa ni 2,493. Kwa kila maili ya reli kutoka Mombasa hadi ziwani, wanne na ushee.

Nenda ukatafute majina yao kwenye ile orodha ya Guka. Mackinnon Road ni Mackinnon, tajiri wa meli Mskoti aliyefariki 1893, kabla reli haijaanza hata kuchimbwa. Jina lilitokana na barabara yake ya mikokoteni. Sultan Hamud ni Sultani wa Zanzibar. Wa Punjab hayupo. Isipokuwa ukishuka Mackinnon Road, kando ya njia kuna msikiti, na ndani yake kaburi la Sayyid Baghali, msimamizi wa vibarua wa reli. Inasimuliwa kwamba karai la mzigo lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila kumgusa. Madereva wa masafa marefu husimama hapo kuomba salama. Stesheni ikabaki na jina la tajiri, ila wanaosimama husimama kwa ajili ya kibarua.

Na huko Mughalsarai? Watu wa mji wanaendelea kusema Mughalsarai. Haishangazi. Sisi tunashukia Odeon, ambako hakuna sinema. Tunashukia OTC, na ukimwuliza kondakta OTC ilikuwa nini atakuuliza kama unashuka au hushuki. Cucu yangu alienda Victoria Street kununua uzi hadi mwisho wa maisha yake. Tom Mboya hakumzuia.

Jumapili iliyopita nilimweleza Guka habari yote hii, pole pole, kwa vipande. Sijui nilitaka aseme nini. Alikuwa anakula embe. Alisikiliza sehemu ya mto, akatingisha kichwa kwenye sehemu ya yadi. Nilipofika kwenye kibao kugeuzwa, akaacha kula.

"Na yule mwenye tiketi ya jina la zamani?"

"Anapanda tu, Guka. Treni ni ileile."

"Atajuaje mahali pa kushuka?"

Nikamwambia watu watamwambia. Ndani ya behewa kila mtu anajua. Akafikiria, juisi ikimtiririka kwenye mkono ule wenye kidole kifupi, nikaenda kuleta kitambaa. Niliporudi alikuwa ameshafika Makindu.

Usiku nikarudi kwenye kompyuta. Mteja alikuwa anangojea zile 23 zilizobaki. Stesheni ya 18 kwenye orodha yake ilikuwa Prayagraj. Kwenye sentensi ya pili, nilipoandika kwamba reli ilifika hapo kabla daraja la Yamuna halijafunguliwa mwaka 1865, niliandika Allahabad. Alipaweka mstari mwekundu. Nikamjibu kwamba mwaka 1865 ndivyo palivyoitwa, na nikaacha hivyo. Bado hajanilipa.